Giza la Dagaa na Picha za Nyota

Huku kwetu Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, mtu asiye na kalenda anaweza kujua umri wa mwezi kwa kuangalia mitumbwi. Ukifika mwalo wa Igombe au Kayenze jioni ukawakuta wavuvi wa dagaa wanajaza mafuta kwenye injini na kupanga taa, ujue giza limeingia. Ukiwakuta wanashona nyavu, wanacheza drafti na kulala mchana kutwa, ujue mbalamwezi imefika na kazi imesimama. Dagaa hufuata taa, na taa ya mvuvi haifui dafu mbele ya mwezi mpevu.

Nami tangu nistaafu naishi kwa kalenda hiyohiyo. Nilikuwa mpima ardhi. Miaka yangu ya kazi ilikwisha nikichungulia bikoni na milingoti kwa jicho moja. Sasa nachungulia juu. Napiga picha za nyota, na nyota hafifu hazitaki mwezi angani. Kwa hiyo mimi na wavuvi wa dagaa tunaugombea usiku uleule: wao wanautaka uwe na giza ili wawashe taa, mimi nautaka uwe na giza ili taa zisiwepo. Maelekezo niliyojifunzia fani hii yaliandikwa na watu wa Ulaya na Marekani. Wanakuonya kuhusu taa za barabarani, wanakuonya kuhusu theluji. Hakuna aliyenionya kuhusu dagaa.

Ukisimama Igombe usiku wa giza ukaelekeza kamera kaskazini, unaona mstari wa taa juu ya maji kutoka upande mmoja hadi mwingine. Mgeni atadhani ni mji. Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, na mwanga wake ulikuwa na unjano. Siku hizi wengi wana taa za LED za betri na sola, nyeupe na kali. Kwa macho zinapendeza. Kwa kamera iliyofunguliwa nusu dakika, sehemu yote ya chini ya picha inaungua ikawa nyeupe. Mwanzoni nilikuwa nazikata. Siku hizi naziacha, napunguza tu muda wa kufungua lenzi, na picha ninayoipenda kuliko zote ukutani kwangu ni yenye kundi la nyota la Dubu Mkubwa juu na taa za dagaa chini yake. Dubu Mkubwa juu ya msitu wa Finland amepigwa na kila mtu.

Ugonjwa huu ulinishika tarehe 27 Julai 2018, usiku mwezi ulipopatwa. Ndio kupatwa kwa mwezi kulikochukua muda mrefu kuliko kote katika karne hii: dakika 103 mwezi ukiwa wote ndani ya kivuli, kwa saa zetu kuanzia saa 4:30 usiku hadi saa 6:13. Pembeni yake ilikuwapo Mirihi, nayo nyekundu, iking'aa kwa sababu siku hiyohiyo ilikuwa upande wa pili wa Dunia, ikilitazama Jua uso kwa uso. Vitu viwili vyekundu angani kwa pamoja. Nilitoa simu nikapiga. Nilipata nukta mbili zisizo na maana yoyote, na jambo hilo likanikera kuliko inavyostahili. Mtu aliyezoea kusoma pembe hadi sekunde hawezi kukubali nukta.

Kamera niliipata kwa mpiga picha za harusi aliyekuwa anabadilisha vifaa: Canon 600D iliyotumika, pamoja na lenzi ya milimita 50. Wenzangu niliostaafu nao walitia kiinua mgongo chao kwenye bajaji na kuku wa mayai, na watoto wangu walitegemea nami nifanye hivyo. Mama watoto peke yake ndiye aliyenitetea. Alisema afadhali kamera, haili pumba.

Sasa nieleze tatizo la kweli, maana hapa ndipo ninapoweza kuzungumza hadi kukuche. Dunia inazunguka. Ukifungua kamera kwa muda mrefu, nyota inaacha mstari badala ya nukta. Wapigaji picha wana kanuni yao ya 500: gawanya 500 kwa urefu wa lenzi, upate sekunde unazoruhusiwa. Kwa kamera yenye sensa ndogo kama yangu, yaani kile kipande cha ndani kinachonasa mwanga, urefu wa lenzi unauzidisha kwanza kwa 1.6. Milimita 50 zangu zinakuwa 80, na 500 gawanya kwa 80 ni sekunde 6 na kidogo. Hizo ni chache mno. Tena sisi tuna balaa la ziada. Nyota zilizo karibu na ncha za anga, zile sehemu mbili ambazo nyota zote huonekana kuzizunguka, husogea polepole, lakini zilizo juu ya ikweta ya anga, katikati ya ncha hizo, ndizo zinazokimbia kuliko zote, na ikweta ya anga ndiyo inayopita juu ya paa zetu. Mkanda wa Jabari, zile nyota tatu zilizojipanga, hupita karibu kabisa na utosi ukiwa Mwanza.

Wenzetu wa kaskazini dawa wanayo. Wananunua kitako chenye mota kinachoigeuza kamera kwa mwendo wa nyota, na ili kikae sawa wanalenga mhimili wake kwenye Nyota ya Kaskazini. Sisi tuko nyuzi 2 na dakika 31 kusini mwa ikweta. Nyota ya Kaskazini iko chini ya upeo wetu, huioni hata ukipanda jiwe gani. Ncha ya kusini ya anga iko juu ya upeo kwa nyuzi mbili na nusu tu, yaani ndani ya vumbi na moshi wa upande wa Misungwi, na hata kungekuwa kweupe, pale hakuna nyota yoyote ya kujivunia. Juu ya hayo, vitako vingi vya dukani havikutengenezwa kulala chini kiasi hicho. Ukivilazimisha, uzito wa kusawazisha unagonga mguu wa stendi.

Ukombozi wangu ulitokana na kifaa ambacho Mskoti mmoja, George Haig, alikieleza kwenye jarida la Sky & Telescope mwaka 1975. Ni mbao mbili zilizounganishwa kwa bawaba, na bolti moja. Dunia inamaliza mzunguko wake kwa saa 23 na dakika 56, kwa hiyo kila dakika inageuka robo ya nyuzi na punje kidogo. Bolti ya M6 ya kawaida, ile ya duka lolote la vifaa vya ujenzi, inapanda milimita 1 kwa kila mzunguko. Ukiiweka milimita 228 na nusu kutoka kwenye bawaba na kuizungusha mara moja kwa dakika, mbao zinafunguka kwa robo ileile ya nyuzi. Mota haihitajiki. Saa ya mkononi yenye mshale wa sekunde inatosha, na mkono usiotetemeka.

Nilimpelekea fundi seremala wa Kirumba mchoro. Aliusoma, akanitazama.

"Mzee, hii nusu milimita umeandika kweli?"

"Kweli."

"Kwenye mbao?"

"Ndiyo maana nimeleta mninga, sijaleta plaiwudi."

Alikitengeneza, na alikitengeneza vizuri. Kulalia kwetu karibu na ikweta kulinipa unafuu mmoja ambao wa Ulaya hawana: kwao mbao zinakaa kimshazari na mzigo wa kamera unavuta upande, kwetu zinalala karibu sawa kabisa. Bawaba inakuwa upande wa magharibi, ikielekea kaskazini na kusini, na bolti inainua upande wa mashariki. Kinachobaki ni ule mwinuko wa nyuzi mbili na nusu kuelekea kusini. Kwa ubao wa milimita 300, huo ni kipande cha mti cha milimita 13 chini ya ncha ya kusini, na pima maji juu yake kuhakikisha.

Kuhusu kaskazini ya kweli, dira siiamini kwenye miamba, na Mwanza nzima ni miamba. Natumia jua. Saa za Tanzania zinafuata longitudo ya 45, mstari unaopita baharini huko karibu na Mayotte, na sisi tuko kama nyuzi 12 magharibi yake. Kwa hiyo jua letu linafika katikati ya anga si saa sita kamili mchana bali kwenye saa sita na dakika 48, likichelewa kama dakika 14 zaidi mwezi wa Februari na kuwahi kama dakika 16 mwanzoni mwa Novemba. Nilining'iniza timazi juu ya jiwe bapa, nikasubiri dakika ile, nikachora kivuli cha uzi kwa rangi. Mstari huo uko pale hadi leo. Tahadhari moja tu: usifanye kazi hiyo katikati ya Machi wala mwishoni mwa Septemba. Siku hizo jua linapita utosini na timazi haina kivuli cha kukupa.

Kwa hayo sekunde 6 zimekuwa dakika 2. Nebula ya Jabari, ile doa la ukungu chini ya mkanda, iko mbali nasi takribani miaka nuru 1,300. Kwa macho ni kijivu, na kwenye picha ya dakika 2 inatoka waridi na samawati. Kamera za kawaida zina kichujio kinachozuia sehemu kubwa ya ule wekundu wa haidrojeni, na wengine hufungua kamera wakakitoa. Mimi sitaigusa. Fundi wa kamera hapa mjini hana haja ya kufundishwa kazi kwa kamera yangu.

Picha zenyewe hazitoshi moja moja. Unapiga nyingi za kitu kilekile, halafu programu ya kompyuta inazilundika. Ukilundika 16, chengachenga zinapungua hadi robo. Natumia Siril, ni ya bure, kwenye kompyuta ya binti yangu. Sehemu hiyo sina mengi ya kusema; inafanyika mchana, umekaa, na feni inazunguka.

Anga lenyewe ndilo linalonifanya nisiwaonee wivu wa Ulaya. Katikati ya Mei, kati ya saa tatu na saa nne usiku, ukisimama Igombe Dubu Mkubwa yuko mbele yako juu ya ziwa na Msalaba wa Kusini uko nyuma yako juu ya nchi kavu, vyote viwili kwenye kimo cha nyuzi kama 32. Ukiacha kamera wazi kwa saa nzima ukitazama mashariki, nyota zinachora mistari iliyonyooka kwenda juu. Geukia kaskazini, zinachora nusu duara iliyokaa juu ya maji. Geukia kusini, nusu duara nyingine. Yale maduara kamili unayoyaona kwenye picha za watu wa mbali huwezi kuyapata hapa. Sijayakosa. Halafu kiangazi chetu, Juni hadi Agosti, ndicho kipindi kitovu cha Njia Nyeupe, ule ukanda wa mwanga wa nyota, kinapopita juu usiku, karibu na mkia wa kundi la nyota la Nge. Sijui ni nani alipanga mvua zikatike wakati huo, lakini nashukuru, ingawa moshi wa mashamba yanayochomwa hula sehemu ya shukrani hiyo.

Usiku wa giza una wenyeji wengine tena. Wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaopanda juu ya maji kama moshi hadi mtu wa mbali akadhani meli inaungua, hutoka kwa wingi kwa kufuata mwezi, na wingi huo huangukia karibu na mwezi mwandamo. Yaani siku zangu. Washa tochi nyeupe dakika moja wakiwa wametoka, wataingia kwenye lenzi, kwenye chai na puani. Taa nyekundu hawaijali sana, na wapigaji picha za nyota kote duniani huitumia kwa sababu haiharibu macho yaliyozoea giza. Basi nami nilinunua tochi ya kichwani yenye taa nyekundu.

Hapo niombe msomaji asiyetoka Usukuma anielewe. Mzee, peke yake, saa nane usiku, katikati ya mawe, ana kitu chenye miguu mitatu, na kichwani kuna mwanga mwekundu. Kanda yetu hii imezika wazee, hasa akina mama, waliouawa kwa kuwa tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Si jambo la kuchekea. Mwenyekiti wa kitongoji kimoja ninakopenda kwenda alinijia mchana, kwa heshima, akakaa, akaulizia familia yangu yote, kisha akasema: "Mzee wangu, mimi najua wewe ni mtu mwema. Lakini mimi nalala. Vijana wa sungusungu hawalali."

Nilichokifanya ni kuirudisha kazini teodolaiti yangu ya zamani, kile chombo cha mpima ardhi cha kusomea pembe, niliyoinunua kwenye mnada wa vifaa chakavu. Darubini yake inakuza kama mara 30, zaidi ya ile Galileo aliyotumia Januari 1610 kuona miezi minne ya sayari ya Mshtarii. Niliisimamisha nje ya ofisi ya kitongoji saa moja na nusu jioni, nikaielekeza Mshtarii, nikamwacha kila aliyetaka achungulie. Watoto walipigana vikumbo. Vijana wa sungusungu walichungulia wa mwisho, na ndio waliokaa muda mrefu. Bibi mmoja alihesabu miezi ile minne kwa Kisukuma, kisha akanishika mkono akanigeuza mashariki kunionyesha Kilimia, kile kishada cha nyota, kikipanda, ilikuwa Novemba, akisema hicho ndicho walichokuwa wakikisubiri kwao kabla ya kupanda. Nilikuwa nimejiandaa kufundisha, nikajikuta mwanafunzi, na nilifurahi. Tangu hapo nikitaka kwenda nampigia mwenyekiti kwanza, naye anawaambia vijana kuwa yule mzee wa nyota yuko kwenye mawe. Mara nyingine mmoja wao anakuja kunizungushia bolti.

Uzee una mambo yake katika fani hii, na si yote mabaya. Kuamka saa nane usiku si taabu, wazee tunaamka kwa sababu zinazojulikana. Macho ndiyo shida. Mboni ya kijana gizani hufunguka hadi milimita 7 hivi. Ya mtu wa umri wangu hufika 5 kwa shida, na mwanga unaoingia ni nusu. Mwaka niliotolewa mtoto wa jicho kwenye jicho la kulia niligundua kuwa Shira, ile nyota kali kuliko zote, ni ya samawati. Jicho la kushoto bado linaniambia ni nyeupe yenye unjano. Huwa nafumba hili, nafumbua lile, kuzilinganisha. Kamera haina uzee huo. Kile ambacho jicho haliwezi tena kukusanya kwa mara moja, yenyewe inakikusanya polepole kwa dakika 2, na kesho yake nakiona kwenye kioo cha kompyuta na miwani yangu.

Kuna umande pia. Ziwa linatoa unyevu, na ikifika saa saba lenzi imefunikwa. Fundi redio alinitengenezea mkanda wa resista unaofungwa kwenye lenzi na kupashwa na betri ya volti 12. Umemaliza tatizo.

Mawingu ndiyo hayana mkanda. Usiku nchi kavu inapoa upesi kuliko maji, upepo unatoka pande zote za ziwa kuelekea katikati, unakutana juu ya maji yenye joto, unapanda, na baada ya usiku wa manane kuna radi. Unaweza kuwa na nyota tele Igombe huku kaskazini, mbali majini, kunamulikamulika bila sauti. Kwa sababu hiyo nilizoea kufungua picha za setelaiti kwenye simu kila jioni kabla ya kufunga begi, kuangalia wingu liko wapi na linajengeka wapi. Nilikuwa nafanya hivyo kwa ajili ya picha zangu tu.

Nahodha mmoja wa Kayenze aliniona. Akaniuliza ninatazama nini, nikamwonyesha. Siku iliyofuata akapiga simu saa kumi na moja jioni: "Shikamoo mzee. Leo unatoka?" Nikamwambia sitoki, kuna wingu linakua upande wa Ukerewe. Akasema ahsante, akakata. Baadaye nikasikia mitumbwi kadhaa ililala nchi kavu usiku ule kwa sababu mzee wa nyota hakutoka. Jambo hilo lilininyima usingizi. Mimi si mtaalamu wa hali ya hewa; kuna usiku nimebaki nyumbani kwa sababu ya mgongo tu, na kuna usiku nimetoka nikanyeshewa. Mvuvi anayekosa usiku mmoja wa giza anakosa fedha, na anayekwenda usiku usiofaa anaweza kukosa zaidi. Nimemwambia wazi kwamba asikilize taarifa ya Mamlaka ya Hali ya Hewa redioni, hao ndio wenye kazi. Anasikiliza. Kisha ananipigia.